Litaungua

Mwalimu Ludovick hali mahindi ya kuchoma. Mkaribishe hindi, hata liwe changa la kutoa maziwa, atakuambia meno hayamruhusu. Meno yake ni mazima, mfupa wa mbuzi anauvunja. Lakini amestaafu, na mwalimu mstaafu huachiwa mambo yake, kwa hiyo hapa Babati hakuna anayemuuliza kwa nini msimu wa mahindi ukifika yeye huvuka barabara asipite karibu na jiko la mtu.

Zamani aliyala kila jioni, tena kwa mwanamke mmoja tu.

Alikuja kutoka Rombo mji huu ukiwa bado chini ya mkoa wa Arusha, akapangiwa kufundisha Kiswahili sekondari. Mke na watoto aliwaacha kwao kwenye migomba, akawa anawaona likizo. Kilichomjaa moyoni huku ni sarufi. Alifundisha kauli za vitenzi, kutenda na kutendwa, kutendeka na kutendesha, kwa ukali ambao wenzake waliuweka kwenye hesabu, mpaka wanafunzi wakampachika jina la Mwalimu Kauli. Jina lilimpendeza. Alimsahihisha konda wa basi, alimsahihisha mshereheshaji harusini, na siku moja baada ya misa alimfuata katekista kumweleza kuwa matangazo yake yalikosea ngeli mara nne. Ungefiwa ukamwambia "msiba imenifika," angekupa pole na upatanisho wa kisarufi kwa mkupuo mmoja. Watu walicheka, lakini walimwogopa kidogo, maana wengi wa hapa Kiswahili walikikuta shuleni, nyumbani walinyonya lugha nyingine.

Kisha mkoa mpya wa Manyara ukazaliwa na Babati ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, watu wa ofisi wakaja na vitanda vyao, na vyumba vya kupanga vikawa vya kugombaniwa. Mwalimu alikuwa na chake tayari, cha uani, nyuma ya duka la nguo la Shaaban. Huyu Shaaban alikuwa mfanyabiashara mpole ambaye babu yake alitoka Pangani na mzigo wa nguo akaoa hapa hapa. Chumba hakikuwa na umeme. Shaaban akamruhusu mpangaji wake avute waya kutoka dukani, wa taa moja tu, ili asahihishie madaftari. Fundi aliyeletwa aliunga nyaya mbili juu ya baraza la duka, chini ya bati, na kwa kuwa hakuwa na utepe, kiungo akakizungushia kipande cha mfuko wa plastiki, wa rambo.

Taa moja haikumtosha Mwalimu. Mwezi wa Juni Babati ina baridi ya kuuma masikio, na chai ya alfajiri ni kitu kizuri. Akanunua jiko la umeme, lile la koili, akalificha chini ya kitanda, akawa analiwasha kila asubuhi akiwa amefunga mlango. Shaaban hakujua. Hakuna aliyejua.

Chini ya kiungo kile, pembeni mwa baraza, ndipo alipokaa Leonia na jiko lake la mkaa. Alitoka kijiji cha Mutuka, Mgorowa kwa kabila, mama wa mtoto mmoja aitwaye Theodory, na kazi yake ilikuwa kuchoma mahindi. Kiswahili chake kilikuwa cha kujikwaa kwenye ngeli. Kwake kila kitu kilikuwa "hii."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Theodory. Leo mahindi yamechomwa au yameungua?"

Mzaha huohuo kila jioni, na Leonia aliucheka kila jioni, kwa sababu aliuelewa kuliko darasa zima la kidato cha nne. Hindi lililochomwa anauza. Lililoungua anatupa, au anakula mwenyewe. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ndiyo iliyomsomesha Theodory, aliyekuwa kidato cha pili kwa Mwalimu huyohuyo. Aligeuza mahindi kwa ncha za vidole, na mteja akimzidishia maongezi alimkatiza: "Ngoja kwanza, yataungua." Mwalimu alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake jioni nyingi zisizohesabika, na kila mara alimwona akiyageuza upesi ili yasiungue.

Jioni moja Leonia alinyoosha kidole juu. "Mwalimu, waya yako inatema moto. Upepo ikipiga, inatema. Duka hii itaungua."

Mwalimu alikuwa anatafuna. Akameza kwanza. "Si duka hii itaungua, Mama Theodory. Duka ni la ngeli ya li-ya. Duka hili litaungua. Hebu sema."

"Duka hili litaungua."

"Hapo sasa."

Akaenda zake na hindi lake. Juu hakutazama, na kesho yake alfajiri alichemsha chai.

Leonia alimkumbusha tena wiki iliyofuata, na mara hii alilisema neno lote sawasawa, duka hili litaungua, bila kukwama popote. Mwalimu akampigia makofi mawili pale barazani, mbele ya wapita njia. Mwanamke akaona haya kwa furaha. Kusifiwa na Mwalimu Kauli halikuwa jambo dogo, na kwa kitambo alisahau hata kilichomfanya aseme. Mwalimu naye alijiambia atamwita fundi. Atamwita, atamwita. Vitenzi vya wakati ujao alikuwa navyo vingi.

Sasa Salme, mke wa Shaaban, Mama Amna kwa majirani, alikuwa amechoshwa na moshi. Vitenge vilinuka, wateja wa ofisini walivinusa wakavirudisha. Jumamosi moja akatoka nje akamwambia Leonia kuwa imetosha, atafute mahali pengine. Hakumtukana, ila alisema kwa sauti ya kusikika. Aniceti, fundi cherehani aliyekuwa na mashine yake kwenye baraza hilohilo, aliacha kukanyaga ili asikie vizuri.

Leonia aliinuka. Aliumia. Mbele ya mama mwenye duka hakutaka kuongea Kiswahili cha kuchekwa, kwa hiyo alichukua kile kizuri alichofundishwa. "Nitaondoka, Mama Amna," alisema. "Lakini duka hili litaungua." Alimaanisha kwamba akishaondoka hapatakuwa na mtu wa kukaa chini ya waya ule kuutazama. Kwa hasira, maelezo hayo hakuyatoa.

Jumapili asubuhi alikuja kuchukua jiko lake na gunia la mkaa, akaonekana, akaenda. Mwalimu alikunywa chai, akafunga chumba, akaenda misa ya pili. Padri hajamaliza matangazo, watu wa nyuma wakaanza kutoka mmoja mmoja, kisha benchi nzima. Mlangoni pa kanisa moshi ulikuwa unaonekana. Ndoo zilikuja, mchanga ukaja, lakini duka la nguo likishashika halina mjadala. Majora ya vitenge yaliteketea yote, mashine ya Aniceti ikabaki chuma tu. Chumba cha Mwalimu kiliungua dari na chandarua. Vitabu vya sarufi vilipona.

Katika vurumai ile aliingia ndani, akalitoa jiko la koili chini ya kitanda, akalifunga kwenye shati, akalitumbukiza chooni. Je, alikuwa amelizima kabla ya misa? Hakumbuki. Anajua tu kwamba lilimchoma mkono kupitia shati, lakini siku ile uani kila kitu kilikuwa cha moto.

Jumanne mwenyekiti wa mtaa, Yoakimu, aliita kikao nje ya ofisi yake. Aniceti alisimama wa kwanza.

"Mimi nilikuwa nashona. Mama Amna kamwambia aondoke, na yeye kajibu, nitaondoka, lakini duka hili litaungua. Hivyo hivyo. Na nyie mnamjua Leonia anavyoongea, kila kitu ni hii. Siku hiyo alitamka kama mtu aliyekariri. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Basi limekuja."

Watu wakaguna. Leonia alisimama na kitenge chake mabegani. "Nilisema ya waya. Waya ilikuwa inatema moto."

"Mbele ya Mama Amna ulitaja waya?" Yoakimu alimuuliza.

"Hapana. Nilikuwa na hasira. Lakini Mwalimu nilimwambia. Mwalimu ananisikia kila siku. Muulizeni Mwalimu."

Vichwa vyote vikamgeukia. Mwalimu alipiga hesabu haraka. Akiukubali waya, watauliza ulibeba nini. Wakiuliza ulibeba nini, watafika chini ya kitanda. Watafika chooni.

"Mama Theodory huniambia mengi," alisema. "Mimi kazi yangu huwa kumsahihisha ngeli."

Watu wakacheka. Leonia naye alitabasamu kidogo, akidhani Mwalimu anaanza kwa mzaha kama kawaida yake na sasa atasema.

Shaaban hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu tangu Jumapili. "Mimi sitaki kumwonea mtu," alisema. "Mali imekwenda, sitaki na haki iende. Mwalimu, wewe ndiye mjuzi wetu. Neno lile, litaungua, maana yake nini hasa?"

Hapo Mwalimu akapata pumzi. Ameulizwa neno, hajaulizwa waya. Alisimama, akakunjua leso, akajifuta mikono kana kwamba ina chaki.

"Li ni kiambishi cha ngeli, kimesimama badala ya duka," alianza. "Ta ni kiambishi cha wakati ujao. Ungua ndicho kitenzi. Sasa, wakati ujao hueleza jambo ambalo msemaji analijua kuwa litatokea. Asiye na hakika husema linaweza kuungua, au huenda likaungua. Anayetahadharisha husema lisije likaungua. Lugha yetu ni tajiri, njia zote hizo zipo."

"Kwa hiyo alikuwa na hakika," alisema Yoakimu.

"Kisarufi, ndiyo."

"Na neno linasema nani atachoma?" Shaaban aliuliza.

Hili ndilo swali. Yeyote aliyewahi kukaa darasani kwake angejibu. Kuchoma kuna mchomaji. Kuunguza kuna muunguzaji. Lakini kuungua hakuna mtu ndani yake, kitu kinaungua basi, na ndiyo maana Leonia alichagua kitenzi hicho, yeye ambaye vitenzi hivyo vilikuwa riziki yake. Mwalimu alikuwa amelifundisha somo hilo miaka ishirini. Alitakiwa aseme: mtendaji hayupo.

"Mtendaji," alisema Mwalimu Kauli, "amefichwa."

Kikao kizima kikamtazama Leonia. Mtendaji mwenyewe aliyefichwa, Mwalimu, alikaa chini akakunja leso yake pande nne.

Leonia alisema, "Mwalimu." Mara moja tu. Hakulia wala hakulaani. Alisubiri kama mwanafunzi anayeamini sentensi bado haijaisha. Ilikuwa imeisha.

"Polisi hatumpeleki," Yoakimu aliamua, "ni mama wa watu na ushahidi ni wa mdomo. Lakini kwenye mtaa huu asionekane tena na moto." Akajiona amefanya huruma. Babati si kubwa, na habari haikuhitaji bajaji kufika mitaa mingine. Kote alikokwenda kutafuta baraza walimjua tayari, wakamwita Mama Litaungua, na watoto wakawa wanalisema jina hilo kwa matamshi safi kabisa. Kabla mvua za vuli hazijaanza alikuwa amerudi Mutuka. Muhula uliofuata Theodory hakuja shule. Mwalimu wa darasa lake alikuwa Ludovick, na ndiye aliyelikata jina lake kwenye daftari la mahudhurio, kwa kalamu nyekundu na rula.

Mnataka kujua kama Mwalimu alipatwa na laana? Hakupatwa na kitu. Alizidi kuheshimiwa. Watu walimletea barua za kusahihisha, kamati ya kanisa ikampa ukatibu, na kila aliyegombana na mwenzake juu ya neno alisema twende kwa Mwalimu. Shaaban alianza upya na kibanda kidogo, na alipokutana naye alimshika mkono kwa mikono miwili kumshukuru kwa ukweli. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi kuliko yote. Mahindi aliyaacha tangu mwaka huo.

Miaka saba ilipita. Mke wake alifariki Rombo, naye akastaafu. Binti yake Noela alipata kazi katika ofisi mojawapo ya mkoa, akapanga nyumba kata ya Sigino, akamchukua baba yake akae naye. Mchana mmoja wa Jumamosi Noela alikuwa anapika uani, na mtoto wake Kindness, wa miaka mitatu, akaanza kulisogelea jiko akiwa amenyoosha mkono.

"Kindness, utaungua!" Noela aliita.

Mtoto akarudi nyuma. Noela akaendelea kukoroga mboga.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake na gazeti. Alilishusha. Utaungua. Ta ileile, kitenzi kilekile. Hakuna aliyeitisha kikao kumuuliza Noela ana hakika gani, wala mtendaji amemficha wapi. Kila mama wa mji huu husema utaanguka, utajikata, utaungua, kutwa nzima, na husema hivyo ili mtoto asianguke, asijikate, asiungue. Wakati ujao husemwa pia ili usije. Mfano mmoja tu kama huo, pale mbele ya Yoakimu, ungetosha. Na kilichomuumiza si kwamba ameugundua leo. Alikuwa nao siku ile, alikuwa nao mdomoni, na aliumeza. Aliona kinyaa juu ya nafsi yake kama mtu aliyekuta funza kwenye chakula alichokwisha kula nusu.

Jumatatu alichukua bodaboda hadi Mutuka.

Leonia alikuwa uani kwake anapukuchua mahindi makavu kwenye ungo. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe. Theodory, sasa mtu mzima mwenye mke na mashamba ya kukodi, alimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akamletea kigoda. Leonia hakuamkia.

"Mama Theodory," Mwalimu alianza, "nimekuja kuomba radhi. Nimekukosea."

Leonia alisema kitu kwa Kigorowa bila kuinua kichwa. Theodory akaona aibu.

"Mama anasema hajui Kiswahili."

"Anajua. Nilimfundisha mimi."

Theodory akatafsiri. Leonia akajibu maneno machache.

"Anasema ndiyo maana."

Ikabidi aseme kwa kupitia kwa kijana. Alieleza sentensi kwa sentensi, na Theodory akawa anaigeuza kila moja kwenye lugha ya mama yake. Alieleza waya, na jinsi alivyoambiwa mara mbili akasahihisha ngeli. Akafika kwenye jiko la koili. Theodory alimtazama mwalimu wake wa kidato cha pili, ambacho ndicho kilichokuwa kidato chake cha mwisho. Kisha akatafsiri. Mwalimu akamalizia na lile neno, amefichwa. Theodory alitafuta namna ya kulisema kwa Kigorowa, akalisema.

Punje zilikuwa zinadondoka kwenye ungo. Leonia alimaliza gunzi, akalitupa, akachukua jingine.

"Naomba anisamehe," alisema Mwalimu.

Leonia akajibu.

"Anasema atakusamehe," alisema Theodory.

Mwalimu aliinama mbele kwenye kigoda. "Muulize vizuri, mwanangu. Amesema amenisamehe, au atanisamehe?"

Theodory akamuuliza mama yake. Jibu lilikuja fupi kuliko la kwanza.

"Atakusamehe, Mwalimu. Ni wakati ujao."

Alitaka kuuliza lini, akaona hana haki. Alirudi Sigino jioni ile, akawa anasubiri. Alisubiri kiangazi chote, na kila bodaboda iliyosimama mbele ya nyumba ya Noela alidhani imetoka Mutuka. Yeye aliyewafundisha watu kwamba ta ni hakika alikuwa sasa anaigeuza usiku na mchana, na kila alivyoigeuza haikuwa na tarehe.

Leonia alifariki masika yaliyofuata. Mwalimu alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa ya watu kwenye matope. Walipokwisha kufukia alimfuata Theodory, akamshika mkono, akampa pole. Kisha hakuweza kujizuia.

"Mama aliacha neno lolote?"

"Aliacha, Mwalimu," alisema Theodory. "Ni la Kigorowa."

Na hakulitafsiri.